Kizibao cha sufu na hariri bila cherehani: mwongozo mzima, kuanzia sampuli mpaka rangi

Nikivaa hiki kizibao lazima mtu aulize fundi wangu nani, na jibu ni kwamba hakijashonwa kabisa, hakuna uzi hakuna sindano, ni sufu imelazwa juu ya hariri, ikaloweshwa maji ya sabuni, ikasuguliwa na kubiringishwa mpaka vitu viwili vikawa kitambaa kimoja. Afu rangi yenyewe ni maganda ya vitunguu. Nimeamua kuandika yote hapa maana nikielezea kwa mdomo mtu anashika nusu, na kwenye kazi hii ile nusu aliyoiacha ndo inayoharibu nguo.

Mtindo huu unaitwa nuno felti. Nuno ni neno la Kijapani, maana yake kitambaa tu. Felti yenyewe ni ya zamani sana, wafugaji wa Asia ya Kati walifunika mahema yao kwa felti ya sufu, na Wakirgizi mpaka leo wanatengeneza mazulia yao ya ala-kiyiz na shyrdak, UNESCO ikayaweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ila felti ya hivyo ni nzito, ni ya hema na zulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko New South Wales, Australia, Polly Stirling akishirikiana na Sachiko Kotaka ndo wakaanza kulaza sufu kidogo tu juu ya hariri nyepesi, wapate nguo inayovalika hata sehemu zisizo na baridi kali. Na hapo ndo inapotufaa sisi. Mi nipo Arusha, mwezi wa saba asubuhi baridi inakata kweli, ikifika saa nane mchana jua limewaka na sweta huwezi kuvumilia, lakini hiki kizibao unakaa nacho siku nzima.

Elewa kwanza kinachotokea humo ndani

Unywele wa sufu una magamba madogo madogo, hayaonekani kwa macho. Ukiweka maji ya sabuni magamba yanafunguka, ukisugua zile nywele zinatembea, na zinatembea upande mmoja tu, upande wa shina, kurudi nyuma haziwezi. Kwahiyo kila ukisugua zinazidi kunasana. Zikishanasana hakuna kuzifungua tena. Na zikinasana zinavutana, kitambaa kinarudi, yaani kinapungua upana na urefu huku kikinenepa.

Hariri haina magamba, haifanyi chochote kati ya hayo. Kinachotokea ni kwamba nywele za sufu zinapenya kwenye vijitundu vya hariri zinatokea upande wa pili, afu sufu ikianza kurudi inaivuta hariri pamoja nayo, na kwakuwa hariri hairudi basi inajikunja mikunjo midogo midogo ya kupendeza, kama ngozi ya mkono uliokaa muda mrefu kwenye maji. Ile mikunjo ndo sura ya nuno.

Nimelisema hili mapema kwasababu kosa kubwa kuliko yote linatokana nalo: mtu anamwaga maji ya moto mwanzoni kabisa. Sufu ikikutana na moto inanasana yenyewe kwa yenyewe kabla haijapenya kwenye hariri, mwisho unapata tabaka la sufu huku na hariri kule, ukivuta vinaachana. Mwanzo maji ya uvuguvugu. Moto ni wa mwisho.

Vifaa, na wapi watu wanadanganywa

Sufu. Unataka merino, ile iliyochanwa ikawa kama kamba ndefu laini, maikroni 18 mpaka 21 (maikroni ni kipimo cha unene wa unywele, namba ikiwa ndogo sufu ni laini zaidi). Nyingi inatoka Australia na Afrika Kusini. Ukiwa karibu na Kenya, kondoo wa sufu wapo nyanda za juu, Laikipia na Nyandarua huko, merino na korideli (korideli ni nzito kidogo, kwa kizibao inafaa ila shingoni inawasha). Ila usijaribu kondoo wetu wa Kimasai. Niliwahi kuletewa gunia zima na jirani kwa moyo mzuri kabisa, nikaosha, nikachana, nikasugua kutwa nzima, haikushika hata kidogo. Yule ni kondoo wa nywele, amezaliwa kwa ajili ya nyama na kuvumilia ukame, ni hodari kwenye hayo, sufu ya kufanyia kazi hii hana.

Hariri. Tafuta shifoni au hariri nyepesi ya mome 5 hivi. Mome ni kipimo cha uzito wa hariri, mome 5 ni kama gramu 22 kwa mita moja ya mraba, yaani ukiiweka mkononi unaona mistari ya kiganja. Jaribio ni rahisi: weka kitambaa mdomoni upulize, pumzi ikipita bila kulazimisha basi na sufu itapita. Satini nzito iache.

Na hapa ndo nilipigwa. Kuna duka nilinunua mita tatu nikaambiwa ni hariri tupu, inateleza, inang'aa, bei ya hariri. Nikatengeneza skafu, sufu ikapenya vizuri tu, nikaweka kwenye rangi, sufu ikatoka ya dhahabu na kile kitambaa kikabaki cheupe kama kilivyokuwa. Ilikuwa poliesta. Poliesta haishiki rangi za mimea hata uichemshe wiki. Toka siku hiyo sinunui kabla ya kuchoma: chomoa nyuzi chache, zisokote, washa kiberiti. Hariri inanuka kama nywele zinaungua, ukiondoa moto inajizima, inabaki majivu meusi yanayosagika kwa vidole. Poliesta inayeyuka, inanuka plastiki, inaacha kishanga kigumu. Muuzaji akikataa usichome hata nyuzi tatu, ondoka.

Vingine ni vya nyumbani. Sabuni ya mche ya kawaida, ikwangue, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Plastiki ile ya mapovu wanayofungia vyombo vya kuvunjika. Neti ya pazia. Bomba la PVC la inchi mbili au tatu, urefu wa mita 1.2. Mataulo mawili ya zamani. Chupa ya kupulizia maji, siki, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na kipimajoto. Sufuria kubwa ya rangi, chuma cha pua au enameli, na hiyo sufuria isirudi jikoni tena, hata ukiisugua vipi.

Sampuli, na naomba usiruke hapa

Kizibao changu cha kwanza sikufanya sampuli. Nililaza nguo nzima kwa makisio, nikafanya kazi siku mbili, ikatoka nzuri jamani, laini, kingo zimenyooka, ila ilimtosha mtoto wa dada yangu wa miaka sita. Sufu ikisharudi huwezi kuivuta ikaongezeka. Gramu karibu mia mbili za merino na hariri yote vikaishia hapo.

Kata hariri sm 30 kwa 30. Laza gramu 9 za sufu, hiyo ni sawa na gramu 100 kwa mita ya mraba. Fanya hatua zote nitakazoeleza chini mpaka mwisho kabisa, mpaka imegoma kurudi zaidi. Ikauke. Sasa pima. Yangu ilitoka 20 kwa 20. Gawanya 30 kwa 20, unapata 1.5, na hiyo 1.5 ndo namba yako, iandike ukutani. Ikitoka 20 upande mmoja na 22 upande mwingine usishangae, sufu inarudi zaidi kwa kufuata upande nywele zilipolala, kwahiyo tumia namba mbili, kila upande na yake.

Kizibao chenyewe ni mstatili mmoja wenye mipasuo miwili ya mikono, hakuna fumbo lolote. Kikiisha kiwe na upana wa sm 110 na urefu sm 70. Ile 110 imegawanyika hivi: mgongo 40, kila upande wa mbele 35. Mikono inapita kwenye mipasuo, sehemu ya juu inakunjika yenyewe inakuwa kola. Zidisha kwa 1.5, unalaza 165 kwa 105. Eneo hilo ni mita za mraba 1.73, kwahiyo sufu ni gramu 173. Hariri nunua mita 2, ya sampuli itoke humo humo.

Mtu mwembamba au mnene badilisha namba ya mgongo: pima toka bega hadi bega kwa nyuma, ongeza sm 2.

Kulaza

Meza ndefu, au sakafu iliyooshwa. Tandaza taulo, juu yake plastiki ya mapovu, mapovu yakiangalia juu, juu yake hariri. Inyooshe kwa viganja, usiivute. Gawanya sufu yako mafungu mawili yenye uzito sawa kwa mizani, la kwanza la tabaka la chini, la pili la juu, na kila fungu ligawanye tena mara nne kwa robo nne za nguo. Inaonekana ni usumbufu ila bila hivyo utajikuta umeweka nyingi mwanzoni na upande wa mwisho umebaki na unyoya tu.

Namna ya kuvuta: shika kamba ya sufu kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ushike ncha kwa vidole vilivyonyooka na kiganja, siyo kwa kucha, mikono iwe mbali mbali kama sm 20 au zaidi. Ukiishika karibu karibu haitoki, unavutana na nywele hizo hizo kwenye ncha zote mbili. Ikitoka inakuwa kishungi chembamba unachoona meza kwa chini yake. Kiweke. Kinachofuata kipande juu ya mwisho wa cha kwanza, kama vigae vya paa. Tabaka la kwanza vishungi vyote vielekee juu-chini, la pili kulia-kushoto.

Kingoni sufu ipite hariri kwa sm 1 hivi ili ukingo uwe wa sufu tupu, unatoka laini na hauchanuki nyuzi. Na ukitaka hariri ionekane, acha sehemu wazi bila sufu, madirisha ya upana wa sm 5 hivi, usizidishe sana maana hariri iliyo wazi ikiwa kubwa inavimba kama puto katikati ya sufu inayorudi. Mimi napenda madirisha machache mgongoni chini, mwanga ukipita unaona.

Tulia kwenye kulaza. Mimi inanichukua saa mbili mpaka tatu, na nafunga madirisha, feni hapana, watoto hapana.

Kulowesha na kusugua

Funika na neti. Pulizia maji ya sabuni ya uvuguvugu toka katikati kwenda nje. Sasa bonyeza kwa viganja, usisugue bado, unatoa hewa tu, mpaka sufu yote imelala chapati. Sehemu inayobaki nyeupe na kavu ina hewa, ongeza maji hapo. Maji yasiogelee pia, ukibonyeza na yakatapakaa mezani yamezidi, nyonya kwa sponji.

Vaa mfuko wa plastiki mkononi, paka sabuni, sugua juu ya neti mizunguko midogo, mwanzo kwa wepesi kama unampaka mtoto mafuta, afu ongeza nguvu kidogo. Dakika 15 kwa nguo nzima, siyo chini. Kila baada ya dakika nne tano inua neti taratibu, ukibana sufu kwa mkono mwingine, kwasababu nywele zinapenda kupanda kwenye neti na zikishashika huko utazing'oa.

Kubiringisha

Ondoa neti, weka plastiki nyembamba juu, zungushia kila kitu kwenye bomba, funga na vipande vya soksi za nailoni au mpira wa kamba. Taulo chini lisiteleze. Biringisha mbele na nyuma, kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, mara 100. Fungua, nyoosha mikunjo, anza kukunja toka ukingo mwingine, mara 100 tena. Pande zote nne. Ukimaliza umefika 400, na mara nyingi unahitaji kurudia duru nzima, 800. Mi huwa nawasha redio.

Usiruke kufungua na kunyoosha. Mkunjo ulioachwa unajinasa na kubaki hapo maisha yote ya nguo.

Sasa angalia upande wa hariri. Pinda kitambaa kwenye kidole chako uangalie kwa mwanga wa pembeni: unatakiwa kuona vinyweleo vya sufu vimechungulia upande wa hariri, kama ndevu za siku moja. Mguso wake unabadilika, hariri inakuwa na vumbivumbi hivi. Afu finya sufu kwa kidole gumba na cha shahada uinue: ikiinuka peke yake rudi kwenye bomba, ikiinuka pamoja na hariri umefuzu hatua. Bila vinyweleo hivyo usisogee mbele, hata kama mikono imechoka, hata kama ni usiku. Acha, lala, kesho lowesha tena uendelee, hakiharibiki kitu.

Kurudisha

Hapa ndo maji ya moto, kiasi mkono unavumilia. Kusanya nguo kama tonge, ichovye, ikamue kidogo, itupe mezani toka urefu wa kifua. Mara 20, fungua, nyoosha, pima. Tena 20. Utaiona inakunjamana mbele ya macho yako, hariri inapanda mikunjo na sufu inakaza. Pande zisipolingana, ule upande mrefu kunja kwenye bomba uubiringishe peke yake, utarudi kwa kuufuata ule mwelekeo unaobiringisha.

Ikifika kama 120 kwa 76, simama. Sasa ndo unakata mikono. Toka kila ukingo wa pembeni pima sm 38, toka juu pima sm 20, chora kwa uzi wa rangi, kata mpasuo ulionyooka kwenda chini sm 20 tu. Mkasi mkali. Paka sabuni kingo za mpasuo usugue kwa vidole, kwenye unene wake kabisa na siyo juu yake, mpaka kile kidonda kipone, yaani nywele zijifunge na ukingo uwe wa mviringo. Zile nyuzi za hariri zitakazochomoza zikate. Vaa ikiwa bado mbichi (ni baridi, vumilia), angalia mkono unapita vipi, ukibana ongeza sm moja moja. Kuongeza kunawezekana wakati wowote, kupunguza huwezi.

Endelea kutupa mpaka 113 kwa 72. Ndiyo, sentimita chache zaidi ya unachotaka, kwasababu sufuria ya rangi nayo itarudisha kidogo.

Suuza mpaka maji hayana povu, afu suuza ya mwisho weka siki vijiko viwili vya chakula kwenye lita 5, ikae dakika 10. Sabuni ni kali kwa sufu ikiachwa ndani, siki inaituliza. Kunja kwenye taulo, kanyaga itoke maji.

Rangi

Watu wengine wanapaka rangi sufu kwanza ndo wanalaza. Mi natia rangi mwisho, kwasababu sufu iliyochanwa ukiichemsha ikiwa huru inajifunga mafundo kwenye sufuria, na pia kuna raha moja: kwenye sufuria moja sufu inakunywa rangi nzito na hariri inabaki nyepesi yenye kung'aa, kwahiyo unapata rangi mbili bila kufanya chochote.

Kabla ya rangi kuna dawa ya kushikisha, na dawa yetu ni shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, linauzwa kwa wauza dawa za asili sokoni. Pima nguo ikiwa kavu. Yangu ni gramu 210. Shabu asilimia 12, hiyo ni gramu 25, isage. Ukipata krimu ya tata (cream of tartar, ule unga mweupe wenye uchachu) kwenye duka la vifaa vya keki weka asilimia 6, gramu 13, inalainisha sufu na kung'arisha rangi, ukikosa endelea tu. Yeyusha kwenye maji ya moto, mimina kwenye sufuria yenye maji ya kutosha nguo iogelee, tumbukiza nguo ikiwa imeloa, pandisha moto polepole kwa saa nzima mpaka nyuzi joto 80, ishikilie hapo dakika 45. Usivuke 85, hariri inapoteza mng'ao. Zima, iache humo mpaka kesho.

Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima. Maji yenye chumvichumvi yanachafua rangi, mimi naweka pipa chini ya bati msimu wa masika.

Vitunguu: maganda makavu uzito sawa na nguo, gramu 210, ni mfuko mkubwa wa kutosha. Pale soko la Kilombero, hapa Arusha, wauza vitunguu wanayafagia, ukiomba wanakupa bure. Chemsha saa moja, chuja, acha ipoe, weka nguo, pandisha mpaka 80 tena, dakika 45 mpaka saa nzima. Unapata dhahabu mpaka rangi ya chungwa iliyoiva. Hii ndo ningemshauri mtu yeyote aanze nayo, haiangushi.

Parachichi: mbegu na maganda, na watu hawaamini, ila rangi ni ya waridi. Osha nyama yote ya kijani itoke, katakata mbegu, pika moto mdogo sana bila kutokota, saa moja, acha mpaka kesho, rudia. Maji yanabadilika toka njano kwenda wekundu wa chai ya rangi. Ukiharakisha na moto mkali unapata kahawia ya kawaida.

Miwati, ile miti iliyopandwa kwa wingi Njombe na Lushoto kwa ajili ya magome yake ya kusindikia ngozi, magome yanatoa kahawia nzuri yenye joto, na yana tanini nyingi, ile dawa ya asili inayoshikisha rangi, kwahiyo yanashika vizuri. Chukua kwa wanaopasua mbao, usibandue mti uliosimama.

Sasa niseme ukweli kuhusu hizi zinazosifiwa sana. Manjano ya jikoni inatoa njano kali inayovutia macho, na jua linaila ndani ya wiki chache. Mzingifuri hivyo hivyo, juani hausimami. Rosela na kiazi sukari ndo kabisa, ukifua mara moja zimeondoka. Ukimuuzia mtu nguo ya manjano bila kumwambia unamwibia. Zitumie kwa vitu vya kukaa ndani.

Ukitaka kuzimisha rangi iwe ya moshi, misumari yenye kutu kwenye chupa, siki sehemu moja, maji mbili, wiki mbili bila kufunga kifuniko kabisa. Vijiko viwili vya maji hayo kwenye ndoo ya uvuguvugu, tumbukiza nguo iliyokwisha rangi, dakika 5, ukiangalia muda wote. Dhahabu ya vitunguu inakuwa kijani cha majani makavu, waridi ya parachichi inakuwa kijivu kinachoelekea zambarau. Usizidishe, chuma kikizidi kinakula nyuzi, miaka miwili mbele hariri inaanza kukatika kama karatasi. Suuza sana baada ya hapo.

Majani ya mkaratusi

Hii nimeiacha mwisho kwasababu ndo naipenda zaidi. India Flint, msanii wa Australia, ndo alifanya watu wengi waijue: majani ya mkaratusi yanachapa umbo lake kwenye sufu na hariri, na mara nyingi hata bila shabu. Siyo kila mkaratusi, kwahiyo chemsha majani kumi kwenye sufuria ndogo nusu saa, maji yakienda chungwa au wekundu chukua mti huo, yakibaki ya kijani kibichi kibichi achana nao.

Nguo iwe imeloa na kukamuliwa. Panga majani upande wa hariri, mishipa ikigusa kitambaa, kunja nusu, funga kwenye kipande cha bomba la chuma au fimbo nene, na uzungushie kamba kwa nguvu zako zote, kwasababu pale jani lisipogandamizwa hakuna picha. Mvuke saa mbili, maji ya chini yasikauke, jiko liwe nje au dirisha liwe wazi maana harufu ni kali. Afu zima, usifungue. Nakuambia hivi huku nikijua utafungua, ila ikipoa usiku kucha picha inakaza tofauti kabisa na iliyofunguliwa ya moto.

Jani langu la kwanza lililotoka vizuri lilikuwa na kila mshipa, hadi tundu dogo alilotoboa mdudu, rangi ya matofali kwenye sufu na kwenye hariri pembeni yake kivuli cha rangi ya asali.

Kuvaa na kufua

Kifungo weka cha kifuu cha nazi au pini ya mti, kifungo kizito kinavuta kitambaa. Ukitoboka mahali, chukua kishungi cha sufu ya rangi hiyo na sindano ya felti, ile yenye meno madogo, chomachoma juu ya sponji, lowesha, sugua, haionekani tena. Fua kwa mkono maji baridi na shampuu kidogo, mashine hapana, magadi hapana kabisa. Wiki ya kwanza kwapa zinaweza kuacha rangi kidogo kwenye shati jeupe, vaa na la giza kwanza. Unapoihifadhi iwe safi na imefungwa kwenye mfuko, nondo wanafuata jasho na uchafu wa chakula kuliko sufu yenyewe. Na kukausha ni kivulini, imelazwa flati juu ya taulo, usiitundike kwenye kamba ikiwa imeloa maana mabega yatashuka, na huku kwetu mwezi wa saba jiandae kusubiri siku mbili nzima.